Wimbo Usioombwa: Hadhira Inapopewa Programu

Mwezi Agosti 2023, Budapest Festival Orchestra ya Hungaria, chini ya kiongozi wake Iván Fischer, ilisafiri hadi London ikapiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall bila kutangaza programu. Wasikilizaji walikuwa na orodha ndefu ya kazi, na usiku uleule wakachagua zipigwe zipi. Habari hii ililetwa kwenye semina yetu ya fasihi simulizi, na wenzangu karibu wote waliishangilia. Mmoja akasema eti hatimaye Wazungu wameigundua hadhira. Mwingine akataka orkestra zetu za taarab, zile za fidla na qanuni, zikienda mikoani zifanye vivyo hivyo: zifike Dodoma, Singida na Tabora, zigawe karatasi mlangoni, wananchi wachague, shughuli ianze.

Mimi nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa namuwaza babu yangu mmoja wa Manyoni, mpiga zeze, ambaye mwaka 2018 nilimpa orodha mimi mwenyewe. Makala haya ni jibu langu kwa semina ile, jibu la kuchelewa. Swali lake ni moja: hadhira inapochagua wimbo kabla haujaimbwa, je, inaongezewa mamlaka au inapunguziwa?

Mambo sita, na moja tunalolisahau

Kila aliyepita katika Idara zetu za Kiswahili anaijua makala ya M. M. Mulokozi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989. Humo fasihi simulizi inatazamwa kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kwenye mitihani tunayaorodhesha yote sita bila kukosea. Tukija kwenye mjadala, tunashika mawili ya mwanzo tu. Tunasema hadhira ni mshiriki, hadhira ni mtunzi mwenza, basi apewe programu, kwisha.

Sasa jamani, wakati je? Kushiriki kuna saa yake. Anayeitikia kiitikio anashiriki wimbo ukiwa hewani. Anayesema "rudia!" anashiriki wimbo ukiwa umekwisha kumgusa. Anayeweka alama kwenye orodha mlangoni anashiriki kabla ya kitu chochote kutokea, na anachokichagua ni jina la wimbo, si wimbo. Wote watatu tunawaita hadhira, lakini kazi yao si moja. Nadhani wenzangu katika semina waliichanganya kazi ya wa tatu na ya hao wawili wa mwanzo.

Anayetuza ni mhakiki

Tuanze na orkestra yenyewe. Taarab ya Unguja ni muziki wa nyuzi tangu zamani. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ina mizizi yake katika mwaka 1958. Ukikaa mbele ya vikundi vya namna hii unaona fidla zimepangwa safu, unaona qanuni, udi, selo na besi, halafu akodiani, nai na ngoma ndogo za kushika mwendo. Onyesho la mtindo wa zamani hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu. Hilo tuliangalie vizuri. Bashrafu haiombwi na mtu. Haina maneno, kwa hiyo hakuna awezaye kuitumia kumpiga kijembe jirani yake. Wapigaji wanaitoa kwa hiari yao, na watu wanakaa, wanasalimiana, wanajitengeneza khanga, wanasikiliza.

Nyimbo zikianza, mambo hubadilika. Mama anainuka kitini na noti ya elfu mbili mkononi. Anakwenda mbele kwa madaha, noti kaiinua juu ionekane, anazunguka kidogo, ndipo anampa mwimbaji. Hatoi ovyo huyo. Anangoja ubeti. Wimbo wa taarab ni shairi lenye fumbo: kuna "wewe" anayesutwa au anayesifiwa, lakini hatajwi jina. Mshairi ameacha nafasi wazi kwa makusudi. Mama akiinuka kwenye ubeti wa tatu, macho yake yakielekea upande fulani wa ukumbi, nafasi ile imejazwa. Kila mtu ameelewa nani kaambiwa nini. Na aliyeambiwa, kama naye anayo noti, anaweza kungoja ubeti wake akajibu.

Kelly Askew, katika kitabu chake cha Performing the Nation cha mwaka 2002, ameeleza kwa kirefu jinsi watu wa Tanga walivyokuwa wakitumia tuzo kupelekeana ujumbe. Maneno ya wimbo ni yaleyale, ya mshairi. Maana ya usiku ule ni ya aliyetuza. Kwa hiyo nasema, na wahadhiri wangu wanisamehe: anayetuza ni mhakiki. Anafanya kwa hatua kumi kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kurasa kumi, na yeye hueleweka upesi zaidi.

Zamani kabla ya hapo hadhira iliingia ndani zaidi. Siti binti Saad, ambaye alirekodi santuri Bombay mwaka 1928 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliimba na kundi lake mambo ya mji: kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa, mauaji. Wimbo wake wa Kijiti umetokana na kesi ya kweli. Watu wa Ng'ambo hawakumpa Siti orodha ya nyimbo. Walimpa habari. Walizungumza, wakalalamika, wakacheka, na yale mazungumzo yakarudi kwao yakiwa nyimbo. Huo ndio mchango wa hadhira kwenye maudhui yenyewe, na hakuna karatasi ya kura inayoweza kuufikia.

Sasa mweke mama yule mlangoni na kalamu. Anaweka alama kwenye jina la wimbo. Alama ile haina ubeti. Haina macho yaliyoelekea upande fulani. Haina mtu wa kuijibu, kwa sababu hakuna aliyeiona. Ikihesabiwa pamoja na nyingine mia mbili, inakuwa idadi. Mama kapewa haki mpya, sawa, lakini akienda mbele usiku ule na noti yake ataona kuwa haki aliyokuwa nayo zamani ilikuwa kubwa zaidi.

Upande wa pili wa shilingi

Nisionekane natetea noti. Tuzo ina ubaya wake mkubwa: asiye na fedha hatoi maana. Anaweza kupiga vigelegele, anaweza kuitikia, lakini katikati ya ukumbi ni pa wenye kitu. Kura ni bure. Hapo kura inaishinda tuzo, na anayekataa hilo hajawahi kukaa nyuma ya ukumbi bila hata nauli ya kurudia.

Tena tumeona fedha ya hadhira inavyoweza kuibadilisha orkestra yenyewe, si wimbo tu. Miaka ya 1990 ilikuwa ya ushindani wa TOT na Muungano huku Bara, na ya East African Melody na taarab yao ya kucheza, ile iliyoitwa rusha roho. Watu walitaka kusimama na kucheza, walitaka mipasho ya wazi badala ya fumbo la kufikiria, na walituza walichokitaka. Kinanda cha umeme kikashika nafasi ya safu ya fidla. Sababu haikuwa masikio peke yake, kulikuwa na hesabu pia. Orkestra ya watu ishirini na zaidi inahitaji basi zima, chakula cha watu ishirini na malazi ya watu ishirini. Kundi la kinanda na waimbaji watatu linaenea kwenye gari moja dogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni karibu kilomita 700. Piga hesabu mwenyewe utajua kwa nini huku kwetu selo ni kitu cha kusikia tu.

Sikiliza hilo neno: kusikia. Sisi wa Singida taarab ilitufikia kwa redio. Wazee wetu waliijua kupitia Radio Tanzania, pamoja na zile kadi za salamu ambazo msikilizaji aliandika majina ya ndugu na marafiki, akaomba na wimbo, akangoja siku jina lake lisomwe. Ule nao ulikuwa uchaguzi wa hadhira, na ulikuwa mtamu. Lakini aliyeomba aliomba wimbo ambao redio ilikwisha kumpigia. Asingeweza kuomba asioujua. Kwa hiyo orkestra ya nyuzi ikifika leo Singida mjini, kando ya ziwa Singidani, ikagawa orodha ya nyimbo arobaini, nawahakikishia tutachagua zile nne au tano za redioni. Wapigaji watakuwa wamesafiri kilomita 700 kuja kutupigia tulichokuwa nacho nyumbani. Kosa halitakuwa letu wala lao. Litakuwa la swali lenyewe, lililoulizwa kabla ya saa yake.

Orodha yangu

Hapa ndipo napaswa kusema habari ya babu.

Wilaya ya Manyoni iko mkoa wa Singida, lakini wengi wetu wa kule ni Wagogo, na zeze ni letu kama ilivyo kwa Wagogo wa Dodoma. Nyote mnalijua kupitia Hukwe Zawose, aliyeliongezea nyuzi, akalifundisha Bagamoyo na kulizungusha duniani hadi alipofariki mwaka 2003. La babu yangu halikuwa kubwa namna hiyo. Lilikuwa zeze la nyumbani, la kibuyu, linalopigwa kwa uta mfupi, na yeye hakuwahi kulipeleka mbali kuliko Itigi. Alikuwa mdogo wake babu mzaa baba. Alipiga kwenye harusi na penye pombe ya mtama, akalipwa kwa pombe hiyohiyo au kwa chochote.

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa pili, nimetumwa kukusanya data ya fasihi simulizi. Nilikwenda kijijini na simu yenye kinasa sauti na karatasi niliyoipanga vizuri: nyimbo za harusi, nyimbo za jando, nyimbo za kazi, bembelezi, nyimbo za siasa. Kila kipengele nyimbo mbili. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsomea. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, wewe umekuja na menyu." Halafu akanipa kila nilichoomba. Kwenye nyimbo za jando alipiga moja, akasema ya pili haiimbwi mchana, nikaandika "moja haikupatikana". Kwenye nyimbo za siasa alinipa wimbo wa vijiji vya ujamaa ambao nadhani aliutunga palepale ili nisiondoke na nafasi tupu. Alikuwa mkarimu namna hiyo.

Usiku, tumekwisha kula ugali wa uwele na mlenda, simu nimeichomeka kwa jirani mwenye sola ipate chaji, babu akalichukua zeze bila kuambiwa na mtu. Akapiga muda mrefu bila kuimba. Kisha akaimba wimbo wa Mtunya.

Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, mvua nayo ikakatika, watu wakafa kwa maelfu na wengine wakatawanyika wasirudi. Baba yake babu aliiona akiwa mtoto. Wimbo aliurithi kwake. Ulikuwa mrefu, wa kutaja watu na mahali walipoangukia, na kila baada ya majina kadhaa zeze lilibaki peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo aliacha kuosha. Wazee wawili wakaanza kuitikia. Sehemu fulani mmoja wao alimkatiza babu, akamwongezea jina lililosahauliwa, na babu akalirudia jina lile ndani ya wimbo, akaendelea. Alipomaliza, yule mzee akasema, "Rudia pale pa mto." Akarudia.

Na mimi? Nilikuwa nimekaa, nimechoka, nawaza kama wimbo huu ni wa kazi au wa siasa, kwa sababu karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuuweka. Nikajiambia nitauomba kesho. Kesho yake palikuwa na msiba kijiji cha pili, babu akaenda, mimi nikapanda basi. Alifariki mwaka 2020. Data yangu ilipata alama nzuri. Ninazo nyimbo tisa za babu, zote nilizochagua mimi. Ule aliouchagua yeye sina.

Ndugu zangu wa semina, ile ndiyo programu ya hadhira. Mimi nilikuwa hadhira, nikapewa uhuru wote wa kuchagua, nikachagua kwa ujuzi wangu, na ujuzi wangu ulikuwa mdogo kuliko alichokuwa nacho fanani. Yule mzee aliyeongeza jina, aliyesema "rudia pale pa mto", hakuchagua chochote kabla. Lakini mkono wake umo ndani ya wimbo ule kuliko wangu ulivyomo katika hizo tisa zote.

Hoja ya mgeni rasmi

Rafiki yangu mmoja, Mnyiramba wa Kiomboi, alipousoma mswada huu alinibana vizuri. Alisema: wewe unazungumza kana kwamba huku kwetu fanani yuko huru, na kura itakuja kumwingilia. Lini alikuwa huru? Umesahau sherehe zetu? Kamati ya maandalizi inakaa, inapanga ratiba, na zeze linapewa dakika tatu kati ya wimbo wa shule na hotuba ya mgeni rasmi. Fanani hajachagua, hadhira haijachagua. Wananchi wanakaa juani wanapiga makofi wanapoambiwa. Mbele ya hali hiyo, karatasi ya kura si ukombozi?

Nakiri. Ikiwa njia ni mbili tu, kamati au kura, mimi nitapiga kura, tena mapema asubuhi. Mkoa kama wetu haujazoea kuulizwa unataka kusikia nini, na kuulizwa ni heshima. Wale wa London nao sidhani walikosea kufurahi. Kwao, ambako programu hupangwa mapema ikachapishwa, na watu hukaa kimya hadi mwisho wa kipande, kuulizwa ni jambo kubwa. Lakini sisi njia zetu si mbili. Tunayo ya tatu, na tumekuwa nayo siku zote: fanani anaanza, hadhira inamgeuza.

Kwa hiyo, kama kweli orkestra ya nyuzi itakuja mkoani, ningeiomba mambo matatu. Kwanza, waje na bashrafu yao, waipige bila kutuuliza, ili masikio yetu yapate kujua hizo nyuzi zinaweza nini. Pili, karatasi wazigawe wakati wa mapumziko, si mlangoni. Nusu ya kwanza iwe yao, na nusu ya pili tuwaambie nini kirudiwe, nini kiendelezwe, nini tuongezewe, na asiye na noti awe na sauti sawa na mwenye nayo. Tatu, kabla hawajaondoka, wamuulize mpiga zeze wa hapahapa kama ana wimbo ambao hajaombwa kwa muda mrefu, wakae, wamsikilize.

Na kwetu sisi tunaokusanya data: orodha tuende nazo, maana bila orodha hakuna alama. Ila tukimaliza kuzijaza, tuzikunje, tuseme, "Babu, sasa piga unachotaka wewe." Na simu iwe na chaji.